Arobaini ya Nyundo au ya Mkono?

Kuna sentensi moja niliyoishi nayo miaka minne chuoni: chukulia kwamba hakuna msuguano. Ilikuwa ikija mwishoni mwa swali, kwa Kiingereza cha mtihani, na nikiiona moyo hutulia. Kamba haina uzito, kapi halina msuguano, gari zima ni nukta. Hesabu itatoka safi. Leo kazi yangu ni mitambo, na karibu kila kosa lililonigharimu tangu nitoke maabara kuingia karakana nikilifuata mpaka shinani nalikuta linatoka kwenye sentensi hiyo.

Mimi ni mtu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ukiiacha barabara kuu pale Fundisa ukashika njia ya baharini unafika kwetu, na ukisimama ufukoni unaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu ndani ya maji. Ndiyo San Marco, ya Waitaliano. Kati ya 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilipanda setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilizaa orodha ya vyanzo 339. Baba yangu wakati huo alikuwa mtoto; anachokumbuka yeye ni kishindo, na nyanya yake akifunga madirisha.

Mimi nimezaliwa roketi zimeshakwisha, lakini majukwaa yale nimekua nayo mbele ya macho. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinieleza kwa nini Waitaliano walikuja mpaka kwetu: huku karibu na ikweta dunia yenyewe inakusukuma bure kuelekea mashariki, mita kama 465 kila sekunde. Nikaona nimeshapata kazi ya maisha. Baba, ambaye ni mvuvi, aliuliza mara moja tu, "Ukimaliza hiyo fizikia, utaifanyia nini?" Nikamwambia nitakuwa mtafiti. Akasema haya, akaendelea kushona wavu wake.

Shahada niliipata 2014. Utafiti ulitaka shahada ya pili, na ya pili ilitaka pesa. Nikafundisha sekondari mwaka mmoja na nusu kwa mkataba wa bodi ya shule, mshahara ukija siku unapotaka kuja. Kisha nikapata kazi ya maabara kwenye kiwanda kimoja cha chumvi, katika ule ukanda wa Gongoni na Marereni.

Ambaye hajaona chumvi inavyotengenezwa kwetu, ni hivi. Maji ya bahari huvutwa wakati wa maji kujaa, yakaingizwa kwenye mabwawa mapana, jua na upepo vikayala. Yanasogezwa bwawa hadi bwawa, kila moja likiwa kali kuliko lililotangulia. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na chupa na haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji, kusoma digrii za Baumé, kipimo cha ukali wa maji hayo. Bahari huwa 3 na nusu hivi. Yakifika 25 chumvi inaanza kukaa chini. Yakikaribia 30 unayamwaga, maana yaliyobaki ni machungu ya magnesiamu. Kazi ya kutembea juani na kuandika daftari. Sikuichukia, ila nilijua sikusomea kuonja maji.

Siku moja pampu inayolisha mabwawa ya mwisho ilivunjika. Wakaleta nyingine kutoka mlango wa bahari, ya aina ileile, mota ileile ya kilowati 15. Ikawashwa, dakika chache ikajizima. Fundi umeme akairudisha, ikajizima tena. Akatoa bisibisi, akaanza kupandisha kiwango cha ovalodi, swichi inayoikata mota ikizidiwa, ili isijizime.

Mimi nilikuwa napita na chupa zangu. Kibati cha mota kilisema ampea 28. Kipimo kilionyesha karibu 32. Nikauliza kule baharini ilikuwa ikivuta ngapi. Daftari lao likasema 27. Nikageuza karatasi ya Baumé upande wa nyuma. Maji ya bahari ni kilo 1,025 kwa mita moja ya ujazo. Haya makali ya digrii 25 ni kama 1,208. Pampu ya impela, yaani gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji, haijui maji ni mazito au mepesi: itayapandisha kimo kilekile, ujazo uleule. Anayelipia uzito ni mota. 1,208 gawa kwa 1,025, zidisha kwa 27, unapata karibu 32. Mota haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imebebeshwa.

Nikasema, "Fungeni kidogo vali ya kutolea."

Wakacheka, na sikuwalaumu. Yeyote aliyewahi kubana mdomo wa mpira wa maji anajua unavyosukuma kidole. Akili inasema ukiziba, mashine inaumia zaidi. Kwa pampu ya namna hii mambo ni kinyume: maji yanayopita yakipungua, mzigo wa mota nao unapungua. Asiyecheka alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee wa Mambrui ambaye kiwanda kizima tulimwita Ami. Alilishika gurudumu la vali akalizungusha polepole, macho kwenye kipimo. 31. 30. 28. Akasimama kwenye 27. Maji yalipungua kidogo, lakini pampu ilifanya kazi mpaka Magharibi.

"Nani kakufundisha haya?"

"Ni fizikia tu, Ami."

"Basi Jumatatu hiyo Fizikia ije karakana."

Jina likanigandia. Mpaka leo wako watu wa Gongoni wanaoniita Fizikia na hawajui jina nililopewa na wazazi. Na kama mambo yangeishia siku ile, mngekuwa mnanisikia barazani kila jioni nikielezea vali, na mngekuwa mnanikimbia.

Miezi mitatu baadaye nilipewa shafti ya kuchora, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya pampu. Ya zamani ilikuwa imelika. Nikachora vizuri, wallahi, mistari ya katikati, vipimo vyote, herufi zimenyooka. Pale inapokaa beringi, ile pete inayoishika shafti ikizunguka, nikaandika 40. Beringi ni namba 6208, tundu lake milimita 40, basi shafti 40. Kuna hesabu gani nyingine hapo? Kijana wa lethi, mashine ya kukereza chuma, akaitazama karatasi, akaigeuza kama ana matumaini ya kukuta kitu nyuma, akauliza:

"Arobaini ya nyundo au arobaini ya mkono?"

Nikamjibu, "Arobaini ni arobaini." Jibu hilo hunijia hata leo nikiwa naoga, nikasimama na sabuni mkononi.

Akaikereza ya mkono. Beringi iliingia kama pete kwenye kidole cha bibi harusi, taratibu, raha tupu, na mimi nikafurahi. Wiki ya tatu pampu ikaanza kuguna. Tulipoifungua, pete ya ndani ya beringi ilikuwa inazunguka peke yake juu ya shafti na imechimba mfereji unaong'aa, kingo zake zimegeuka buluu kwa moto. Ikaharibika shafti, ikaharibika beringi, na bamvua nzima ikatupita. Bamvua haikungojei, ukiikosa unasubiri wiki mbili maji yapande tena vya kutosha kuingia mfereji mkuu.

Ami hakunigombeza, na afadhali angenigombeza kama wengine. Aling'oa unywele mmoja mweupe kichwani mwake, akanipa pamoja na maikromita. "Pima, mwanangu." Ukatoka 0.07 ya milimita. Kisha akafungua kitabu cha beringi kilichojaa alama za vidole vya grisi, akaweka kucha kwenye mstari mmoja wa jedwali. Shafti ya kazi ile ilitakiwa iwe kati ya 40.002 na 40.018. Yaani uwanja wote wa kukosea, mwanzo hadi mwisho, haufiki robo ya unywele wa mzee. Na yote iko juu ya 40, haishuki chini yake, kwa sababu beringi inatakiwa iing'ang'anie shafti. Uipashe moto kwanza au uipige kwa bomba, lakini isiingie kwa raha. Hiyo ndiyo ya nyundo.

Mimi nilikuwa nimetumia miaka minne kuhesabu tarakimu za maana mwishoni mwa jibu, na hakuna siku niliyoulizwa nani ataikereza. Kwenye mtihani jibu ni namba moja. Karakana haiwezi kutengeneza namba moja, hata ikiwa na mashine ya mamilioni. Inatengeneza kati ya hapa na hapa, na wewe mchoraji ndiye wa kusema hapa ni wapi.

Kosa la pili ni la aibu zaidi kwa sababu nililifanya kwa kujitolea. Pampu za zamani, pale shafti inapotokea nje ya mwili wa pampu, huzibwa kwa pakingi, zile kamba za mraba zinazokatwa vipande na kubanwa na gilendi yenye nati mbili. Moja ilikuwa inadondosha maji. Mimi nikiona tone naona uharibifu. Nikatafuta spana, nikaikaza mpaka ikanyamaza, nikafuta sakafu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikutana na harufu mlangoni, kama mtu anachoma gunia. Pakingi imekauka, imekuwa makaa, na shafti imekwaruzwa.

"Umeiziba mdomo," Ami akasema, "sasa inywe nini?"

Tone lile ndilo linaloipoza na kuilainisha. Tangu siku ile nilichuchumaa kila asubuhi mbele ya pampu na saa, nikihesabu: kwa pampu zetu tulitaka matone 40 hadi 60 kwa dakika. Chini ya hapo legeza kidogo, juu ya hapo kaza robo ya mzunguko, uondoke, urudi baadaye. Mtu mwenye shahada anahesabu matone! Dada yangu alinikuta siku moja akadhani nimerogwa.

Hapo ndipo ile sentensi ya mtihani ilinipinduka kichwani. Msuguano niliofundishwa kuuchukulia kwamba haupo ndio uliotakiwa kuishika beringi isizunguke ovyo. Ndio ulioichoma pakingi. Ndio unaoifanya nati ikae bila kufunguka mashine ikitikisika. Kuna waliotia chakula mezani miaka thelathini kwa kuujua msuguano, na mimi nilikuwa nimepata alama A kwa kuufuta.

Liko na jingine ambalo fizikia haikunigusia hata kwa mbali, nalo ni kuchoka kwa chuma. Nilijua chuma kinakatika ukikizidishia mzigo. Sikujua kwamba kinaweza kukatika chini ya mzigo kinaoumudu, kwa kurudiarudia tu. Mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika inaipindisha shafti zaidi ya mara milioni 2 kwa siku moja. Ukiacha kona kali pale unene unapobadilika, ufa unaanzia hapo, mwembamba usioonekana, unatembea kidogo kidogo. Shafti ikikatika, uso wa mkatiko una mistari kama pwani maji yanapopwa, kila mstari umeachwa na ufa ulipopumzika. Ami alikuwa na vipande kadhaa vya hivyo dirishani, kama mtu mwingine anavyoweka makombe ya bahari. Ukijichorea kona kali anakuchagulia kimoja, anakiweka juu ya mchoro wako, anakwenda zake.

Sasa karatasi, maana vijana waliosoma sayansi huniuliza hili kabla ya lingine lolote. Kwa sheria ya Kenya, shahada ya fizikia haikufanyi mhandisi, hata uipate kwa daraja la kwanza. Kuna Sheria ya Wahandisi ya 2011; bodi yake husajili waliosoma shahada ya uhandisi inayoitambua, na bila usajili jina hilo si lako kulitumia. Zamani niliona ni roho mbaya ya waliotangulia. Baada ya ile shafti nikapunguza sauti.

Nilikuwa na njia mbili: nianze shahada upya, miaka mitano, au nipande kutokea chini. Nikapanda kutokea chini. Nikafanya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu kisha ya pili, nikishindana kusawazisha chuma kwa tupa na vijana ambao mikono yao ilikuwa na akili kuliko yangu. Halafu diploma ya mitambo, mwishoni mwa wiki, nikiwa mkubwa wa darasa. Hesabu nilizipita nikisinzia. Uchoraji wa mitambo ulinitoa jasho. Diploma ilinipeleka kwenye ile bodi nyingine, iliyoundwa na sheria ya 2016 ya teknolojia ya uhandisi, na kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni fundi sanifu. Nyumbani wananiita injinia. Mwanzo nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi nasahihisha kwenye fomu tu, mama yangu namwacha.

Mahojiano ya kazi nayo yana kisa chake. Kampuni moja Mombasa, watu watatu mezani, mkubwa wao akaisoma shahada yangu akasema, "Sisi hapa haturushi roketi." Wakacheka wote. Nikatamani kumwambia kwamba kwetu zilirushwa, tena nyingi, lakini nilikuwa nahitaji kazi. Hawakunipigia simu.

Aliyenichukua ni mtu mwenye karakana ndogo Malindi mjini, anayetunza mashine za barafu, vyumba vya baridi na pampu za hoteli mpaka Watamu. Huku fizikia ilirudi kunisaidia, ila imefundishwa adabu. Mteja mmoja wa barafu ya wavuvi alitaka mashine yake itoe tani 5 kwa siku badala ya 2, eti aongeze tangi tu. Nikamhesabia palepale kwenye boksi la samaki. Kilo moja ya maji ya nyuzi 30, kuishusha hadi sifuri kisha kuigandisha, unaitoa kilojuli kama 460. Tani moja kwa siku ni kilowati 5 na kitu za ubaridi, mfululizo, usiku na mchana. Tani 5 ni karibu 27. Kompresa yake haikufika nusu ya hapo. Mwanafunzi wa 2014 angeishia hapo na kupiga mstari chini ya jibu. Mimi nilikaa kwanza asubuhi nzima nikiangalia mlango wa chumba chake. Vijana wa kupakia waliufungua, wakaweka jiwe usijifunge, wakaendelea na soga. Nikaongeza theluthi nzima kwa ajili ya lile jiwe. Mteja alinuna, akaenda kuuliza kwingine, akarudi.

Idi iliyopita nilikwenda Ngomeni. Nimevaa kanzu, sijamaliza hata kikombe cha kwanza, baba akaniambia mashine ya mashua inachemka. Injini hizi za nyuma zina kitundu ubavuni kinachotoa mchirizi wa maji. Ikiwa inakojoa vizuri, maji ya kupoza yanapanda. Ya baba ilikuwa haikojoi. Nikavua kanzu. Tukaushusha mguu wa injini, tukafungua pampu, tukaikuta impela yake ya mpira mabawa yamelala upande mmoja, mawili hayapo.

"Uliiwasha nchi kavu, baba?"

"Kidogo tu. Kuijaribu."

"Kidogo kiasi gani?"

Akatazama baharini. "Kama dakika tatu hivi."

Mpira ule unalainishwa na maji yenyewe. Ukizunguka mkavu ndani ya chuma, dakika tatu ni nyingi mno. Impela mpya ilipatikana mjini kesho yake, lakini kazi haikuwa kuiweka. Kazi ilikuwa yale mabawa mawili yaliyokatika, maana yakibaki ndani yataziba njia ya maji na utaunguza injini nzima yenye impela mpya. Moja lilikuwa kwenye bomba la kupandishia. La pili tulilitafuta mpaka Alasiri, na baba alilitoa yeye, kwa sindano ya kushonea nyavu.

Tukaisukuma mashua majini. Toka pale majukwaa yanaonekana vizuri. Zamani nikiyatazama macho yalipanda juu, kwenye anga iliyokuwa ikichukua roketi. Siku hizi yanakaa chini, kwenye ule mkanda wa miguu unaorushiwa maji na mawimbi, juu kidogo ya maji kujaa, ambapo chuma huliwa upesi zaidi kwa sababu kinapewa chumvi na hewa kwa zamu. Baba akavuta kamba. Injini ikashika, ikakohoa, kisha ikakojoa mchirizi mnene ulionyooka.

"Hii sasa ni fizikia au ni uinjinia?"

"Ni mpira, baba. Ulikwisha."

Akaweka kiganja kwenye ule mchirizi kupima moto wake, akageuza omo kuelekea nje, kuona kama itachemka tena.